SHEIKH AL-AMIN BIN ALI MAZRUI (1891-1947): MWANACHUONI WA ULIMI NA KALAMU

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu, akamfundisha aliyokuwa hayajui. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake wote.



Katika ukurasa huu wa maisha ya Maulamaa wetu tumemchagua Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wengi wenu mmewahi kulisikia jina lake likitajwa katika darsa, lakini si wengi wanaojua alifanya nini hasa. Tumemchagua kwa sababu maisha yake yanatugusa mahali tunapoumwa. Sisi hapa Arusha tunajitahidi sana kusoma na kuhifadhi, na hilo ni jema. Lakini katika kusema na kuandika bado tuko nyuma. Mwanafunzi anaweza kuisoma juzuu nzima na tajwidi yake ikakaa sawa, kisha akirudi nyumbani Ngarenaro au Sanawari na mama yake akamuuliza sura ile inatufundisha nini, anainamisha kichwa. Elimu ipo kifuani, lakini mlango wa kutokea haujafunguliwa. Sheikh Al-Amin ni mmoja wa watu walioufungua mlango huo kwa Waislamu wote wanaosema Kiswahili.

KUZALIWA NA KULELEWA KWAKE

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891, katika ukoo wa Mazrui. Ukoo huu ndio uliotawala Mombasa kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1837 mji ulipoingia mikononi mwa Sayyid Said bin Sultan wa Oman na Unguja. Baada ya utawala kuondoka, watu wa ukoo huu wengi walishika njia ya elimu, wakatoka miongoni mwao Maulamaa na Makadhi.

Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui, alikuwa mwanachuoni mkubwa. Alikuwa akisema na kuandika lile aliloliona kuwa ni haki, na jambo hilo lilimtia mashakani. Sayyid Barghash wa Unguja alimtia gerezani, na hakufunguliwa mpaka Sayyid Barghash alipofariki mwaka 1888. Kwa hiyo mtoto Al-Amin alizaliwa katika nyumba iliyokwisha kujua kwamba neno lina uzito, na kwamba anayelitoa huenda akalilipia.

Baba huyo hakuishi kumlea mwanawe. Alifariki mwaka 1894, mtoto akiwa na umri wa miaka mitatu tu. Mayatima miongoni mwenu, na wale mnaolelewa na ndugu, sikilizeni vizuri hapa. Sheikh Al-Amin hakumjua baba yake kwa kumkumbuka. Alimjua kwa kusimuliwa na kwa vitabu alivyoviacha. Aliyemchukua na kumlea ni mtu wa ukoo wake, Sheikh Sulayman bin Ali Mazrui, naye akawa mlezi na mwalimu wake wa kwanza.

Miaka ile ilikuwa ya misukosuko. Mwaka 1895 Waingereza walitangaza himaya yao katika nchi ambayo leo ni Kenya. Mwaka huohuo Mbaruk bin Rashid Mazrui wa Gasi alishika silaha kupigana nao, na mwaka 1896 alishindwa, akavuka mpaka na kuingia upande wa Wajerumani, yaani nchi yetu hii. Basi kijana Al-Amin alikua akiona kwamba njia ya bunduki imefungwa, na jamaa zake hawana tena utawala wala jeshi. Kilichobaki mikononi mwao kilikuwa elimu. Swali lilikuwa: elimu hiyo itawafaa watu wangapi?

MASOMO YAKE

Baada ya kusoma kwa Sheikh Sulayman hapo Mombasa, Sheikh Al-Amin alisafiri kwenda Unguja kutafuta elimu zaidi. Wakati huo Unguja ilikuwa na Maulamaa wawili ambao sifa zao zilienea pwani yote. Wa kwanza ni Sayyid Ahmad bin Abi Bakr bin Sumait, mzaliwa wa Ngazija, aliyekuwa Kadhi wa Unguja. Wa pili ni Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, aliyekuwa na madrasa yake mjini Unguja. Wote wawili walifariki mwaka 1925.

Tuangalie kidogo sifa ya mwalimu huyu wa pili, kwani inahusu mada yetu. Muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Sheikh Abdallah Bakathir alisafiri mpaka Cape Town, Afrika ya Kusini, kuwasuluhisha Waislamu wa huko waliokuwa wamegombana. Fikirini safari ya meli ya siku zile, mtu anatoka Unguja mpaka ncha ya bara la Afrika, na mzigo wake mkubwa ni maneno mema ya kupatanisha. Sheikh Al-Amin alisoma kwa watu wa namna hiyo. Aliwaona walimu wake wakiitumia elimu kuzitengeneza nyoyo za watu, hawakuifanya pambo la majlisi.

Zaidi ya kusoma kwa walimu, alikuwa msomaji wa magazeti ya Kiarabu yaliyotoka Misri. Gazeti lililomvutia sana ni Al-Manar, lililoanzishwa Cairo mwaka 1898 na Sheikh Muhammad Rashid Rida, mwanafunzi wa Sheikh Muhammad Abduh. Humo aliona jambo jipya: mwanachuoni anaandika ukurasa mmoja, unachapishwa, na ukurasa ule unasomwa na maelfu ya watu katika nchi ambazo mwenyewe hajafika. Darsa la msikitini linawafaa waliohudhuria. Darsa la karatasini linamfuata mtu mpaka kwake.

HALI YA WAISLAMU WAKATI ULE

Ili tuelewe alichokifanya, ni lazima tujue hali ilivyokuwa. Elimu ya dini katika pwani yetu ilikuwa imehifadhiwa kwa Kiarabu. Vitabu vya fiqhi, tafsiri na hadithi vilikuwa vya Kiarabu. Kiswahili kilitumika sana katika mashairi na tenzi, na tenzi hizo zilikuwa na mafunzo makubwa. Lakini maandishi ya kawaida, ya kumweleza mtu wa kawaida mambo ya dini na dunia kwa maneno anayoyasema kila siku, yalikuwa machache mno. Mvuvi, mchukuzi, mkulima na mama wa nyumbani walitegemea kusikia tu. Aliyekosa darsa alikosa elimu.

Wakati huohuo wengine walikuwa wameshatambua nguvu ya Kiswahili kilichopigwa chapa. Wamishionari walikuwa na mitambo ya kuchapia, na walitoa vitabu na magazeti ya Kiswahili tangu karne ya 19. Hapa Tanganyika serikali ya Waingereza ilianza kutoa gazeti la Mambo Leo mwaka 1923. Mwaka huohuo wa 1923 ilichapishwa tafsiri ya Kurani nzima kwa Kiswahili, na mfasiri wake alikuwa padri Godfrey Dale wa misheni ya UMCA huko Unguja. Ndani yake mlikuwa na maelezo ambayo Waislamu hawakuridhika nayo.

Hapa ndipo penye uzito wa habari yetu. Mwislamu aliyejua Kiswahili tu, aliyetaka kukielewa Kitabu cha Mola wake kwa kukisoma mwenyewe, alikuta mbele yake kitabu kimoja kamili, nacho kimeandikwa na mtu asiyekuwa wa dini yake. Padri yule alifanya kazi yake kwa bidii, kwa mujibu wa imani yake. Lakini Waislamu walikuwa na Maulamaa wakubwa, na Maulamaa wale hawakuwa wameandika kwa lugha ya watu wao. Kunung'unika barazani kusingebadilisha kitu. Palihitajika mtu wa kukaa chini, kuchukua kalamu na kuandika.

SAHIFA NA AL-ISLAH

Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin alianza kutoa gazeti dogo aliloliita Sahifa. Msidhani lilikuwa gazeti kubwa lenye picha na ofisi. Lilikuwa karatasi ndogo iliyotolewa kila wiki, na aliichapisha mwenyewe kwa juhudi zake. Lugha yake ilikuwa Kiswahili, na hati yake ilikuwa ya Kiarabu.

Huenda mkajiuliza: kama lugha ni Kiswahili, kwa nini hati iwe ya Kiarabu? Jibu ni kwamba Sheikh aliwaangalia wasomaji wake. Waislamu wengi wa pwani wakati ule walikuwa wamepita chuoni, wakajua alifu, be, te. Hati ya Kizungu waliijua wachache waliosoma skuli za serikali na za misheni. Aliyetaka kuwafikia watu wengi ilimpasa aandike kwa hati waliyoijua wengi. Hiyo ndiyo hekima ya mwandishi: humwanza msomaji pale alipo.

Lakini hati hiyo ilikuwa na ugumu wake. Kiarabu hakina herufi za sauti za p, ch, g na v, na alama zake za irabu ni tatu tu, hali Kiswahili kina irabu tano. Mwandishi akiandika kwa mazoea ya zamani, neno pata na neno bata huweza kuandikwa sawa. Kadhalika choma na chuma, penda na pinda. Msomaji hulazimika kubahatisha. Tangu karne ya 19 walikuwapo mafundi wa hati, kama Mwalimu Sikujua wa Mombasa, waliotafuta namna ya kuziongezea herufi za Kiarabu alama ili zitoe sauti za Kiswahili. Sheikh Al-Amin naye alilishughulikia jambo hili ili Kiswahili kisomeke bila mashaka. Tazameni jinsi alivyoliona: msomaji akikosea kusoma kwa sababu ya maandishi yasiyo wazi, mzigo wa kuyaweka wazi ni wa mwandishi.

Baada ya Sahifa, mwaka 1932 alianzisha gazeti jingine lililoitwa Al-Islah, maana yake Matengenezo. Hili lilikuwa na Kiswahili na Kiarabu. Magazeti yote mawili hayakudumu miaka mingi, lakini makala zake hazikupotea. Makala zilizotoka katika Sahifa zilikusanywa na kuchapishwa kuwa kitabu kiitwacho Uwongozi mwaka 1944. Jambo lililoanza kama karatasi ya wiki likawa kitabu ambacho wanachuoni na wasomi wa vyuo vikuu bado wanakisoma mpaka leo.

Sisi wa Arusha tukumbuke kwamba mwaka 1929, yaani mwaka mmoja tu kabla ya Sahifa, ndipo reli ilipofika katika mji wetu. Ilitoka Tanga kupitia Moshi, na pale Kahe iliungana na njia ya kwenda Voi na Mombasa. Chini ya Mlima Meru watu wa makabila mbalimbali walikuwa wakikutana sokoni, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Mwameru, Mwarusha, Mchaga, Mrangi, Msomali na mtu wa pwani waliweza kuelewana kwa lugha hiyo. Kwa hiyo mwanachuoni wa Mombasa alipochagua kuandika Kiswahili, alichagua lugha ambayo mtu wa hapa pia angeielewa, hata kama hakuwahi kuiona bahari.

ALIANDIKA NINI NA ALIANDIKA VIPI

Sheikh Al-Amin aliandika juu ya mambo yaliyowakera Waislamu wa wakati wake. Aliuliza kwa nini Waislamu wamerudi nyuma, hali zamani walikuwa mbele katika elimu. Aliwahimiza wazazi wawasomeshe watoto wao, wa kiume na wa kike. Alikemea israfu, watu kutumia mali nyingi katika harusi na matanga kisha wakabaki na madeni. Alikataza kuiga mambo ya Wazungu kwa upofu, lakini hakusema kila chao ni kibaya; alitaka Waislamu wachukue lenye manufaa, kama elimu na bidii ya kazi, na waache linaloharibu dini na tabia. Alihimiza umoja, kwa kuwa aliona Waislamu wanagawanyika kwa makabila na kwa nasaba.

Maneno yake hayakuwa laini kila wakati. Mtu akisoma makala zake ataona kwamba alisema kweli hata ilipokuwa chungu. Lakini kuna adabu katika ukali wake. Kosa aliloliona alilitaja kuwa ni kosa letu sote, akajihesabu pamoja na wale aliowaambia. Hakusimama juu ya mnara akawaonyesha watu kidole. Na sababu za kurudi nyuma hakuzitafuta kwa Wazungu wala kwa watu wa dini nyingine peke yao. Alianza kuzitafuta nyumbani.

Yako mambo ambayo baadhi ya Maulamaa wenzake hawakukubaliana naye, hasa alipozungumzia mila ambazo watu walikuwa wamezizoea na kuzihesabu kuwa ni dini. Mpaka leo Waislamu wanatofautiana katika baadhi ya mambo hayo, na si kazi ya ukurasa huu kuamua. Tunalotaka mlione ni kwamba yeye aliziweka hoja zake katika maandishi, mchana kweupe, ili kila mtu azisome na azipime. Anayeandika hoja yake na kutia jina lake amekubali kuulizwa. Anayenong'ona pembeni hakubali kuulizwa, na ndiyo maana minong'ono huzaa fitina.

UKADHI WAKE

Mwaka 1932 Sheikh Al-Amin aliteuliwa kuwa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Alishika cheo hicho mpaka alipofariki.

Kazi ya Kadhi ni kazi ya maneno tangu asubuhi mpaka jioni. Wanakuja mke na mume waliokasirikiana, wanakuja ndugu wanaogombea urithi, wanakuja majirani wasiosalimiana. Kila mmoja anataka kusikilizwa kwanza. Mtume (S.A.W.) alipomtuma Sayyidna Ali (R.A.) Yemen alimfundisha asiamue kwa kusikia upande mmoja mpaka asikie na upande wa pili. Kadhi asiyejua kusikiliza hawezi kutoa hukumu, hata akiwa amehifadhi vitabu vyote. Na hukumu ikitolewa kwa maneno ya kudhalilisha, aliyeshindwa huondoka na chuki hata kama haki imetendeka. Sheikh Al-Amin alikaa katika kazi hiyo kwa miaka 15, mpaka mwisho wa uhai wake.

VITABU NA WANAFUNZI WAKE

Pamoja na kazi hiyo, hakuiweka kalamu chini. Aliwaandikia watoto kitabu cha Hidayatul Atfal. Mwanachuoni aliyesoma kwa wakuu wa Unguja hakuona haya kukaa na kumwandikia mtoto mdogo. Aliandika pia kwa Kiarabu historia ya ukoo wa Mazrui na utawala wao wa Mombasa. Kitabu hicho kilibaki mswada kwa miaka mingi, na mwaka 1995 kilichapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Lau asingeandika, habari nyingi za Mombasa ya zamani zingekufa na wazee waliozijua.

Kazi iliyokuwa kubwa kuliko zote ni kuifasiri Kurani Tukufu kwa Kiswahili. Aliianza, lakini ajali ilimfikia kabla hajaimaliza. Alifariki Mombasa mwaka 1947, akiwa na umri wa miaka 56. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Sehemu ya tafsiri yake ilikuja kuchapishwa zaidi ya miaka 30 baada ya kufariki kwake.

Lakini kazi ya mwalimu haifi naye. Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 1963 mpaka 1968, akatoa gazeti la Kiswahili liitwalo Sauti ya Haki kuanzia mwaka 1972. Mwingine aliyenufaika na elimu yake ni Sheikh Abdulla Saleh Farsy wa Unguja, ambaye naye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Huyu ndiye aliyeikamilisha tafsiri ya Kurani nzima kwa Kiswahili, ikachapishwa Nairobi mwaka 1969. Msahafu wenye tafsiri ulio juu ya kabati katika nyumba nyingi za Arusha ni ule wa Sheikh Farsy. Tangu kile kitabu cha mwaka 1923 mpaka msahafu huu ni miaka 46. Pengo lililowasumbua Waislamu kwa miaka hiyo yote lilizibwa na watu waliokubali kukaa na kalamu.

Na mwanawe, Profesa Ali Mazrui, alikuwa na miaka 14 tu baba yake alipofariki. Naye, kama baba yake, alibaki yatima angali mdogo. Akaja kuwa mmoja wa wasemaji na waandishi mashuhuri wa Afrika, akafundisha Makerere na kisha katika vyuo vikuu vya Marekani, na mwaka 1986 mfululizo wake wa vipindi vya televisheni juu ya Waafrika ulitazamwa katika nchi nyingi. Alifariki mwaka 2014, akazikwa kwao Mombasa.

TUNAJIFUNZA NINI?

Wanafunzi wapenzi, maisha ya Maulamaa hatuyasomi kama hadithi za kulalia. Tunayasoma ili tuchukue kitu. Sisi tumechukua mambo matano.

Kwanza, tuseme kwa lugha anayoielewa tunayesema naye. Sheikh Al-Amin alikuwa bingwa wa Kiarabu, lakini alipowaandikia watu wa kawaida alitumia Kiswahili chao. Nawe ukimweleza bibi yako jambo la udhu, usimtolee istilahi ulizozisoma jana ili akuone umesoma. Mweleze mpaka aelewe. Mwanafunzi anayejua maana huweza kuisema kwa maneno mepesi.

Pili, tuseme kwa upole. Mwenyezi Mungu alipowatuma Nabii Musa na Nabii Harun kwa Firauni, aliyekuwa jeuri kuliko watu wote, aliwaamrisha wamwambie maneno laini. Basi ni nani katika mtaa wetu aliye mbaya kuliko Firauni, na ni nani kati yetu aliye bora kuliko Musa? Utingo wa kifodi akikosea chenji, muuza mchicha wa Kilombero akikupandishia bei, mdogo wako akikuchania daftari, hao wote wana haki ya kuambiwa kwa maneno ya heshima. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba neno jema ni sadaka. Hii ni sadaka ambayo hata asiyekuwa na senti mfukoni anaweza kuitoa.

Tatu, tukosoe jambo bila kumvunjia mtu heshima. Ukimwona mwenzako amekosea katika swala, usimtangaze mbele ya darasa. Mchukue pembeni, umwambie, na ujihesabu nawe kuwa ni mwenye kukosea. Mtu aliyeaibishwa hushughulika na aibu yake, na kosa lile hulisahau.

Nne, tusikilize kabla hatujajibu. Hapa tunawageukia wazazi na walezi. Mtoto akija na malalamiko kutoka shule au madrasa, msikilizeni mpaka amalize, kisha msikilizeni na mwalimu. Nyumba ambayo mtoto hasikilizwi, mtoto huyo huzungumza nje na watu ambao hamuwajui.

Tano, tuandike. Siku hizi kila mtu anaandika, kwa kuwa kila mtu ana simu. Ujumbe mmoja wa simu huweza kusomwa na watu wengi kuliko waliosoma Sahifa ya wiki nzima. Lakini tunaandika vipi? Tunafupisha maneno mpaka hayasomeki, tunasambaza habari ambazo hatukuzihakikisha, na tunatukanana kwa vidole maneno ambayo tusingethubutu kuyasema uso kwa uso. Sheikh Al-Amin alihangaika na alama za herufi ili msomaji asichanganye pata na bata. Je, sisi tunashindwa kuusoma ujumbe wetu mara ya pili kabla ya kuutuma? Malaika wanaoandika amali zetu wanaandika na yale tuliyoyaandika.

Tunatoa kazi kwa kila mwanafunzi atakayesoma ukurasa huu. Chagua jambo moja ulilojifunza mwaka huu katika madrasa. Liandike kwa Kiswahili safi, ukurasa mmoja tu, kama unamwandikia mtu asiyelijua kabisa. Kisha msomee mzazi au mlezi wako, umuulize ameelewa nini. Pale asipoelewa, usimlaumu. Rudi ukapaandike upya. Ukifanya hivyo mara nne au tano utaona ulimi wako unafunguka na kalamu yako inapata wepesi.

Wazee wetu wa pwani wanasema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Elimu nayo ni mali. Baba aliyefariki mwaka 1894 alimfikia mwanawe kwa yale aliyoyaandika, na mwana yule ametufikia sisi chini ya Mlima Meru kwa njia hiyohiyo, miaka mingi baada ya yeye kurudi kwa Mola wake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, walimu wake na wanafunzi wake, ayajaalie makaburi yao kuwa viwanja katika viwanja vya Peponi. Atujaalie ndimi zisemazo kweli kwa upole, masikio yasikilizayo, na kalamu ziandikazo lenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.